Busia kwa Kitambulisho, Isebania kwa Pasipoti

Matatu zinazotoka Kendu Bay huelekea pande tatu. Kuna za Katito na Kisumu, kuna za Homa Bay, na kuna zinazopanda kwenda Oyugis kushika barabara kuu ya Kisii. Abiria anayedamka na ile ya Kisumu anaweza kuvuka Busia mchana na kulala Kampala usiku huohuo, mfukoni ana kitambulisho chake cha taifa tu. Jirani yake aliyepanda ya Homa Bay akilenga Musoma, kupitia Rongo na Migori, atafika mpakani mapema zaidi, maana Isebania iko karibu kuliko Busia. Lakini kitambulisho kilekile kilichomvusha mwenzake kitakwamia hapo. Afisa wa upande wa pili atataka pasipoti, au karatasi ya muda inayosimama mahali pa pasipoti.

Raia wa Kenya na Tanzania hawadaiani viza. Hilo watu wengi wanalijua, na ndilo linalowaponza: wanasikia kwamba viza hakuna, wanafunga safari mikono mitupu. Viza ni ruhusa ya kuingia. Hati ya safari ni ushahidi kwamba wewe ni nani na umetoka wapi. Upande wa Uganda, Mkenya amesamehewa viza na pia amekubaliwa kutumia kitambulisho. Upande wa Tanzania amesamehewa viza peke yake. Makala haya yanahusu tofauti hiyo, na pia kifungu kimoja cha kanuni za Kenya ambacho wageni wengi wanaopita huku kwetu hawakijui, ingawa kingewaokolea pesa na muda.

Kendu Bay haikuzoea kuiona Tanzania kama mbali. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na muda si mrefu meli za mvuke zikawa zinazunguka ziwa. Kendu ilikuwa moja ya gati za ghuba. Gati ikaleta maduka ya Wahindi, Waarabu na Waswahili, ndiyo sababu mji mdogo uliozungukwa na Wajaluo kila upande una msikiti mkongwe wa Tawakal. Waadventista nao walifika mwaka 1906 wakajenga misheni yao Gendia, pale juu kidogo ya mji. Mizigo na abiria walipelekwa Kisumu, na Kisumu ndiko meli kubwa zilikoanzia safari za Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Hadi wazee wa leo walipokuwa vijana, mtu wa Karachuonyo, eneo hili la Kendu Bay, aliyetaka kwenda Mwanza alifikiria tiketi ya meli kwanza. Karatasi zilikuja baadaye.

Mpaka wenyewe ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kula omena. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 juu ya mstari kutoka pwani hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa ufuo wa mashariki wa ziwa. Mwaka 1890 wakauendeleza kukata maji. Ukiangalia ramani utauona umenyooka kama uzi, isipokuwa pale unapopinda kuzunguka Kilimanjaro. Kwa upande wetu mstari huo unapita kusini mwa Muhuru Bay. Uliwaacha Wajaluo wa Shirati, ambao sasa wako wilaya ya Rorya, upande mmoja, na wa Migori upande mwingine. Wakuria uliwagawa vibaya zaidi: Kehancha iko Kenya, Tarime iko Tanzania, na ng'ombe wa mahari wamekuwa wakivuka kati ya miji hiyo miwili kabla ya afisa wa kwanza wa forodha kuzaliwa.

Hata hivyo, enzi za ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru mstari huo haukuwa na makali. Reli, bandari, posta na meli vilikuwa mali ya pamoja. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 1967, iliurithi mfumo huo. Makali yalikuja Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya inasambaratika. Mali ikagawanywa, na MV Victoria, meli iliyokuwa fahari ya ziwa tangu mwaka 1961, ikabaki Tanzania. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Huo ni muda wa kutosha kwa mtoto kuanza shule ya msingi na kuikaribia tamati bila kumwona shangazi yake wa Shirati, isipokuwa kwa kupenya usiku kwa mtumbwi.

Jambo moja la mwaka 1977 halijafutika mpaka leo. Kati ya Masai Mara na Serengeti kulikuwa na kivuko cha watalii, Sand River upande wa Kenya na Bologonja upande wa Tanzania. Kilifungwa pamoja na vingine. Vingine vikafunguliwa, hicho hakikufunguliwa. Mbuga hizo mbili ni eneo moja la nyasi, na mtalii aliyesimama ukingoni mwa Mara anaiona Tanzania kwa macho. Lakini akitaka kufika huko kwa barabara, lazima atoke Mara, ashuke hadi Migori, avuke Isebania hadi Sirari upande wa Tanzania, apite Tarime, ndipo aingie Serengeti kutokea upande wa ziwa. Wenye pesa huruka kwa ndege ndogo hadi uwanja wa Migori, hupelekwa mpakani kwa gari, hugongewa mihuri, kisha hupanda ndege nyingine Tarime. Kwa hiyo Migori, kaunti ambayo haitajwi sana katika vitabu vya utalii, imekuwa mlango wa mbuga mbili maarufu kuliko zote barani. Faida ya mlango huo inaishia kwa madereva wachache na wauza soda.

Hapa ndipo kifungu nilichokitaja kinapoingia. Tangu Januari 2024, Kenya imeacha kutoa viza. Mahali pake pana idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ile inayojulikana kwa herufi eTA, ambayo mgeni huomba mtandaoni kabla ya kusafiri na ada yake ilianzia dola 30. Kanuni zake zinataja watu ambao hawahitaji kuomba: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, abiria wa kuunganisha ndege ambao hawatoki nje ya uwanja, na wengine. Miongoni mwao yupo mtu anayerejea Kenya baada ya kutoka kwa muda kwenda nchi mwanachama wa Jumuiya, mradi hakutoka hapo kwenda nchi nyingine, na mradi idhini yake ya kwanza haijaisha muda. Kwa maneno mengine, Mjerumani aliyeingia Nairobi, akaja Kendu Bay kutazama ziwa Simbi Nyaima, akavuka Isebania kwenda Serengeti kwa siku kadhaa, akarudi kwa njia ileile, haombi idhini ya pili wala halipi mara ya pili. Wazo hili si geni. Enzi za viza, aliyekuwa na viza ya Kenya ya kuingia mara moja aliruhusiwa pia kwenda Uganda au Tanzania na kurudi bila kununua nyingine. Mwenda tezi na omo, wahenga walisema, marejeo ni ngamani.

Sharti lake lisomwe vizuri, kwa sababu ndilo linalonasa watu. Mgeni aliyevuka kwenda Tanzania na kurudi analindwa. Aliyevuka kwenda Tanzania, akapanda ndege Dar es Salaam kwenda Afrika Kusini, kisha akataka kurudi Nairobi, halindwi. Huyo ametoka nje ya nchi aliyoruhusiwa kutembelea. Na msamaha huu ni wa Kenya peke yake. Haumpi mgeni nafuu yoyote Sirari. Tanzania bado ina viza, ya kawaida ni dola 50, na Mmarekani hulipa dola 100. Iko pia viza ya kupita njia ya dola 30 kwa anayeendelea na safari kwenda nchi nyingine ndani ya siku saba.

Linganisha na viza ya pamoja ya utalii ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka 2014. Hiyo ni dola 100, ya siku 90, na mwenye nayo huingia na kutoka katika nchi hizo tatu apendavyo. Ilipigiwa debe kama ushahidi kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja. Lakini Tanzania haimo, na aliye na viza hiyo akikanyaga nje ya nchi hizo tatu, viza imekufa. Matokeo yake ni kichekesho: mgeni aliyelipa dola 100 kwa hati inayoitwa ya Afrika Mashariki anaipoteza pale Isebania, na aliyelipa dola 30 kwa idhini ya Kenya tupu anarudi nayo salama. Ningekuwa mwongoza watalii wa Homa Bay, ningeanza kila safari kwa kumuuliza mgeni ana karatasi gani kati ya hizo mbili, kabla hata ya kumuuliza atakula nini.

China nayo ina mpango wake kwa wapita njia, na mantiki yake imegeuka kichwa chini. Tangu Desemba 2024, raia wa nchi kadhaa zilizotajwa huweza kukaa humo saa 240 bila viza, lakini lazima waonyeshe tiketi ya kuendelea mbele kwenda nchi ya tatu. Mtu akitoka Japani na kutaka kurudi Japani, mpango haumfai. China inamsamehe anayepita. Kenya inamsamehe anayerudi. Kwa eneo kama letu, ambako safari ya kawaida ni ya kwenda na kurudi, naona Kenya ndiyo iliyolenga.

Kuna kundi la wageni ambao si wageni. Kila Desemba, na kila penye mazishi makubwa, watoto wa Karachuonyo waliozaliwa Minnesota na Texas hurudi na wazazi wao. Wanaomba eTA kama Mmarekani yeyote, na wakitaka kuona Serengeti kabla ya kurudi wanalipa dola 100 kila mmoja pale Sirari. Familia ya watu watano hiyo ni dola 500 kabla ya kumwona simba. Wengi hawajui kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inamfanya mtoto kuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake alikuwa raia siku hiyo, hata kama amezaliwa nje. Katiba hiyohiyo iliruhusu uraia wa nchi mbili. Mtoto huyo akichukuliwa pasipoti ya Kenya anaingia Tanzania bila kulipa viza, anaingia Uganda vivyo hivyo, na anaingia nyumbani kwao bila kuomba idhini ya mtu.

Sasa turudi kwa aliyezaliwa na kukulia hapahapa, kwa sababu ndiye anayevuka mara nyingi na ndiye asiyeandikiwa makala.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 7 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, kutembea humo na kukaa. Kanuni zake zinataka apewe pasi ya hadi miezi sita, bila malipo. Kifungu cha 9 kinazungumzia hati, na hapo lugha inalegea: nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki vinavyosomeka kwa mashine zinaweza kufanya hivyo. Zinaweza; hazilazimiki. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana na kuanza mwaka 2014. Tanzania haikujiunga, na ilikuwa ndani ya haki yake kisheria.

Hati inayobaki kwa Mkenya anayeelekea kusini, basi, ni pasipoti. Ya kurasa 34, ambayo ndiyo ya bei ya chini, ni Sh7,500. Kabla ya ada kupandishwa ilikuwa Sh4,500. Ofisi za karibu zinazopokea maombi ni Kisumu na Kisii, kwa hiyo ongeza nauli ya kwenda kupigwa picha na alama za vidole, na nyingine ya kuichukua. Fikiria sasa mama anayenunua dagaa Musoma na kuwauza kama omena katika soko la Kendu Bay. Pasipoti moja inaweza kumeza mtaji wake wa safari nzima. Kipo kibali cha muda ambacho Idara ya Uhamiaji hutoa kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha. Ndicho kinachowafaa wengi wanaosafiri kwa nadra. Upande wa Tanzania wana cha kwao, hati ya dharura ya safari, na Watanzania wanaokuja minada ya ng'ombe na masoko ya Migori wanaijua vizuri.

Iko pia kadi ya manjano. Tanzania huitaka kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Kenya imo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo anayekuambia kadi yako ya miaka kumi na mbili iliyopita imepitwa na wakati anakosea au ana nia nyingine. Chanjwa hospitali mapema, na kadi uihifadhi pamoja na hati zako. Ukisubiri kuitafuta mpakani utakutana na wale vijana wanaojua njia ya mkato ya kila kitu.

Isebania na Sirari ni kituo cha pamoja. Anayekwenda Tanzania hasimami upande wa Kenya. Anakwenda moja kwa moja hadi jengo la Sirari, ambako maofisa wa Kenya wanamgongea kutoka na wa Tanzania, hatua chache mbele, wanamgongea kuingia. Anayerudi hufanya yote upande wa Isebania. Ni mpango mzuri na umepunguza foleni. Shida ni kwamba mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya jengo hilo. Isebania na Sirari zimeshikana, na vichochoro kati yake ni vingi. Anayekwenda kununua mchele Sirari na kurudi jioni hasumbuki na kaunta. Mazoea hayo ndiyo mtego. Siku anapoamua kuendelea hadi Tarime au Musoma, akakutana na ukaguzi barabarani, hana muhuri wa kuonyesha, na kisheria ameingia nchi kwa kificho ingawa alipita mchana kweupe akiwa amebeba mwavuli.

Kwa hiyo ukiwa unaendelea mbele ya Sirari, usidharau muhuri. Ni bure. Unakuambia tarehe ya mwisho ya kukaa kwako, na ndio ushahidi pekee kwamba haki ya Kifungu cha 7 uliitumia kihalali. Watoto nao wasisahaulike: hawana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hata upande wa Busia, ambako mzazi anapita kwa kadi, mtoto anahitaji hati yake.

Kuna msemo wa wanasiasa kwamba mipaka imeondolewa. Haijaondolewa, na haki ya kuingia bila viza haijawahi kuwa haki isiyo na breki. Itifaki yenyewe inaruhusu nchi kumzuia mtu kwa sababu za usalama, sera ya umma au afya. Mei 2025, Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Haki wa Kenya, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alipokwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani wa Tanzania, Tundu Lissu. Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga akarudishwa vilevile. Hati zao hazikuwa na kasoro. Kenya nayo si malaika. Somalia ni mwanachama wa Jumuiya tangu Machi 2024, lakini Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoamua Januari 2025 kuwasamehe Waafrika eTA, lilizitaja Somalia na Libya kuwa nje ya msamaha huo kwa sababu za usalama. Mghana sasa anakaa Kenya miezi miwili bila kuomba, wakati raia wa nchi iliyomo ndani ya Jumuiya yetu anawekwa kando. Upande wa Congo mambo yalikwenda vizuri zaidi: nchi ilijiunga mwaka 2022, na Septemba 2023 Kenya ikawaondolea raia wake viza.

Kwa nini Tanzania inasita? Jibu rahisi linalosikika kwenye matatu za Migori ni kwamba wanatuogopa. Si jibu la haki. Wakati wa mazungumzo ya Soko la Pamoja, Tanzania ilisimama imara juu ya mambo matatu: ardhi, ukaazi wa kudumu na vitambulisho. Ardhi na ukaazi vikaachwa chini ya sheria za kila nchi, na vitambulisho vikapata ile lugha legevu ya Kifungu cha 9. Nchi yenye ardhi kubwa, jirani yake akiwa na historia ya watu kugombania ardhi hadi kuuana, ina sababu ya kuuliza anayeingia ni nani na atatoka lini. Katika hotuba ya kuapishwa kwake Novemba 28, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki wangehitaji kitambulisho tu kufanya kazi, biashara, kumiliki mali, hata kuoa na kutulia Kenya, bila kudai wao watutendee vivyo hivyo. Ilikuwa hotuba tamu. Tanzania haikuvutwa nayo. Julai 2025 ilikwenda upande wa pili kabisa, ikatoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara ndogo kadhaa, zikiwemo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii na saluni. Wakenya walilalamika sana, na wengine walistahili kulalamika.

Lakini hofu ya ardhi na hofu ya kazi ni hoja dhidi ya kuishi na kuchuma, si dhidi ya kuvuka. Kitambulisho hakimpi mtu shamba Rorya. Hakimpi kibali cha kinyozi Mwanza. Kinamwezesha tu kuonyesha jina lake mbele ya afisa, kugongewa muhuri wenye tarehe, na kuandikwa kwenye kompyuta ya serikali. Anayepita kichochoroni kwa sababu hana Sh7,500 hayumo katika kompyuta yoyote. Kama lengo la Tanzania ni kujua ni nani yuko ndani ya nchi yake, sharti la pasipoti linafanya kazi kinyume: linawafukuza kaunta wale hasa ambao serikali ingependa kuwaona. Hoja ya kwamba kadi za Kenya ni za kizamani na hazisomeki kwa mashine ilikuwa na uzito mwaka 2014. Sasa Kenya inatoa Maisha Card, yenye chipu ndani, na Tanzania ina vitambulisho vyake vya taifa, kadi za NIDA. Mashine zipo pale Sirari.

Afrika Magharibi waliamua mapema zaidi. Itifaki ya jumuiya yao, ECOWAS, ya mwaka 1979 iliwapa raia siku 90 bila viza, na hadi leo mama wa Lomé anaweza kuuza Cotonou. Maofisa wao wana vituko vyao vya barabarani, tusijidanganye, lakini suala la haki lilimalizwa kabla ya nusu ya Waafrika Magharibi wa leo kuzaliwa.

Mwaka 2027, Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Agosti 2025 zilifanya mazoezi kwa kuandaa mashindano ya soka ya CHAN, mechi zikichezwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Zanzibar. Mashabiki wa Senegal au Misri watafuata timu zao kutoka nchi moja hadi nyingine. Serikali tatu zitalazimika kukaa na kukubaliana jinsi watu hao watakavyovuka, maana hakuna mashindano ya pamoja yanayoweza kuendeshwa kwa viza tatu tofauti. Nina hakika watapata njia kwa ajili ya shabiki mwenye tiketi.

Watakapokaa mezani, Dodoma na Nairobi ziweke na karatasi ya pili. Haihitaji mkataba mpya wala kikao cha marais wanane. Kifungu cha 9 kinaruhusu nchi mbili kukubaliana zenyewe. Zianze na kadi zenye chipu, zianze na siku 30 kama miezi sita inatisha, zianze na Isebania na Sirari peke yake kabla ya Namanga na Horohoro. Wabunge wa Homa Bay, Migori, Rorya na Tarime wana wapigakura walewale wenye majina yaleyale, na wangeweza kulipeleka jambo hili pamoja badala ya kila mmoja kulisubiri kutoka juu. Mpaka siku hiyo ifike, wewe unayetoka Kendu Bay kuelekea kusini, beba pasipoti au kibali cha muda, beba kadi ya manjano, na usitoke Sirari bila muhuri.